Leteni mahindi kabla korongo halijajaa

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mahindi ya ruzuku yafanyiweje hadi yamfikie maskini wa kijijini, badala ya kuishia kwa walanguzi? Najua wengi watajibu kwa neno moja, rushwa. Mimi naanza na gunia.

Nina mashine ya kusaga huku mkoani Dodoma, mwaka wa kumi na nne sasa. Mwenye mashine anaijua njaa kabla mtendaji hajaandika taarifa, kwa sababu anaiona kwenye vyombo. Mwezi wa saba watu wanaleta madebe, wengine gunia zima juu ya baiskeli, na wote wanataka sembe. Ukifika mwezi wa kumi na mbili debe limegeuka sado, kile kindoo kidogo cha plastiki. Mwezi wa pili linakuja kopo limefunikwa kwa pindo la kanga, na sembe hakuna anayeitaja tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nisagie hivyo hivyo, usikoboe."

Kukoboa kunapunguza, kila mama anajua. Lakini hata dona, mashine nayo ina ulaji wake: unga wa mwanzo unashika kwenye kinu na kwenye kile kitambaa cha kutolea. Kwa mwenye debe hilo si kitu. Kwa mwenye kopo ni uji wa mtoto wa asubuhi. Ndiyo maana wenye makopo huwa nawapanga wafuatane bila kuzima mashine, na mbele yao namweka mwenye debe. Akinuna, anune.

Sasa tuje kwenye ruzuku. Mwanzoni mwa mwaka 2023, mahindi yalipovuka shilingi 1,000 kwa kilo, tulitangaziwa kwamba yapo ya bei nafuu kwenye kituo cha mauzo mjini. Yalikuwepo kweli, na mazuri, hayana wadudu. Yalikuwa kwenye magunia ya kilo 50 yaliyoshonwa mdomo, na gunia halifunguliwi.

Nipigieni hesabu hii, namba ni za mfano tu. Tuseme ruzuku imepunguza shilingi 300 kwa kila kilo. Kwenye gunia umeokoa 15,000. Nauli kwenda 4,000, kurudi 4,000, gunia kwenye keria 2,000. Imebaki 5,000. Siku hiyo hukwenda kibarua, na kibarua cha kupalilia ndicho kinacholisha nyumba miezi ile. Umerudi pale pale ulipokuwa. Na hapo tunamzungumzia mtu mwenye fedha ya gunia zima mkononi kwa siku moja. Yule bibi wa kopo hajaingia kwenye hesabu kabisa. Ana elfu mbili leo, keshokutwa labda elfu moja, na hakuna kituo kinachouza mahindi ya elfu mbili.

Waliokuwa na fedha ya gunia walinunua. Mimi nilikuwemo, sifichi: nilichukua mawili, moja nikala na wanangu, la pili nikaliuza kwa sado hapo hapo mashineni, na bei yangu haikuwa ya ruzuku. Sikumhonga mtu wala sikughushi jina. Kwa hiyo mnapomsema mlanguzi msimtafute mbali sana, na msidhani atakwisha kwa kufungwa jela. Atakwisha siku yule bibi atakapoweza kununua kilo mbili kwa bei ile ile niliyouziwa mimi hamsini.

Ruzuku za nchi zetu zimezoea kuishia mwisho wa lami. Wenye umri wangu mnakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na sembe ya bei ya serikali iliyotoka kwa Shirika la Usagishaji. Ruzuku ya sembe ilifutwa mwaka 1984, na walioipigia kelele zaidi ni watu wa mjini kwa sababu wao ndio walioila. Huku vijijini tulikuwa tunasaga ya kwetu. Kenya, Julai 2022, paketi ya unga ya kilo mbili iliteremshwa hadi shilingi 100 za kwao, na Septemba serikali mpya ikaondoa ruzuku hiyo. Tena ni unga wa paketi, wa dukani. Mtu wa shamba anayepeleka punje zake kwa msagaji angeipatia wapi?

Waliokwenda mbali kwa jambo hili ni Wahindi. Sheria yao ya usalama wa chakula ya mwaka 2013 inampa kila mtu aliyeandikishwa kilo 5 za nafaka kwa mwezi, na vijijini inaruhusu kuandikisha hadi asilimia 75 ya watu. Kwa miaka mchele ule uliuzwa rupia 3 kwa kilo, na tangu Januari 2023 wanapewa bure. Msishangae sana ukubwa wa namba. Tazameni kipimo chenyewe: kilo tano kwa kila kichwa, kila mwezi, kwenye duka la hapo hapo.

Wizi nao walikuwa nao, tena mkubwa kuliko wetu. Katika jimbo la Chhattisgarh, watafiti wakilinganisha nafaka iliyotoka ghalani na iliyofika majumbani mwaka 2004-05, waliona karibu nusu imepotea njiani. Kufikia 2009-10 upotevu ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 10. Walichofanya hakikuhitaji ufundi wa ajabu. Mwaka 2004 waliwanyang'anya wafanyabiashara binafsi yale maduka ya mgao, wakayakabidhi kwa serikali za vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama. Malori ya kubeba nafaka hiyo yalipakwa rangi ya njano, yakawa yanashusha nafaka hadi mlangoni mwa duka, na anayetaka alipata ujumbe wa simu lori likiondoka ghalani. Lori la njano likionekana limeegeshwa kwenye ua wa tajiri, hata mtoto anauliza.

Jambo moja katika hayo husahaulika: waliongeza kamisheni ya muuzaji, kutoka rupia 8 kwa kila kilo mia hadi 30. Mtu ukimpa kazi ya kupima kilo kilo kuanzia asubuhi hadi jioni kwa malipo yasiyonunua hata sabuni, umeshamwambia aibe. Huku kwetu kazi hiyo tunapenda kuiita ya kujitolea.

Jirani zao wa jimbo la Jharkhand wanatufundisha upande wa pili. Kule walisisitiza alama za vidole, kila anayechukua nafaka aweke kidole kwenye kifaa kilichounganishwa na mtandao. Mtandao ukikosekana, hakuna chakula. Kidole kilichosuguliwa na jembe miaka hamsini kikikataliwa, hakuna chakula. Kisha Oktoba 2017, katika eneo la Nagri karibu na mji wa Ranchi, walijaribu kugawa fedha: mtu apokee ruzuku benki, ndipo akanunue mchele dukani kwa rupia 32 kwa kilo, mchele ambao awali aliulipia rupia 1. Watu wakawa wanazunguka kutoka benki hadi kwa wakala, kutoka kwa wakala hadi dukani, wakipoteza siku za kazi. Februari 2018 waliandamana kwa miguu kutoka Nagri hadi Ranchi, na Agosti mpango ukafutwa. Nayasema haya kwa sababu nasikia na hapa kuna wataalamu wanaotamani kila kitu kiwe kwenye simu. Bibi wa kopo simu yake anashikiwa na mjukuu.

Basi, kwangu: gunia lifunguliwe, mahindi yauzwe kijijini, kwa kilo. Mahali si lazima kujenga. Kuna stoo ya kijiji, kuna vikundi vya akina mama vinavyojua kuweka hisa na kukopeshana na vitabu vyao viko safi kuliko vya wengi wetu. Wapewe wao, walipwe kwa kila kilo, na bei iandikwe ukutani kwa rangi, herufi za kusomeka kutoka barabarani. Orodha ya kaya maskini ipo tayari, ile ya TASAF, mfuko wa serikali unaozipa fedha kaya hizo, ingawa kuna walioachwa na kila kitongoji kinawajua. Mkutano mkuu wa kijiji uwaongeze kwa kuwataja majina. Na mauzo yaanze siku ya malipo ya TASAF, maana siku hiyo hata asiye na kitu ana kitu. Nisieleweke kwamba najipigia debe: mashine yangu isipewe hata gunia moja. Nimeshasema nilichofanya 2023.

Lakini yote hayo ni bure kama mahindi yatakuja mwezi wa pili. Kati yetu na barabara kuu kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Mvua zikichanganya halipitiki, na mvua zikichanganya ndipo ghala za nyumbani zinapokauka. Njaa na maji vinafika pamoja. Nafaka ipo, inanunuliwa Songea na Sumbawanga tangu mwezi wa saba. Iwe imelala kijijini kwetu kufikia Novemba, hata kama haitauzwa hadi Januari.

Maana mwaka ule lori lilikuja hatimaye. Lilikuja mwezi wa tatu, likasimama ng'ambo ya korongo siku mbili, dereva amekaa juu ya tela anatutazama na sisi tumesimama huku tunamtazama, wanawake wameshika visado. Siku ya tatu vijana wa pikipiki wa ng'ambo ile walinunua waliyoweza kubeba, na lori likageuza.