Kadi sita za Office na siku 120 ambazo sikuzihesabu

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Nachingwea. "Shikamoo kaka. Bosi kanunua kadi sita za Office, za watu sita. Nimeweka ya kwanza kwenye seva, inagoma. Nifanyeje?" Akatuma na picha ya kioo cha kompyuta, kaipiga upande, mwanga wa taa umekaa katikati ya maandishi.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Kijana huyu ni mimi wa mwaka 2023, ila zangu zilikuwa kadi tisa za Office, zile programu za Microsoft kama Word na Excel, na sikuwa na kaka wa kumwandikia.

Kazi yangu ilikuwa hapahapa Mtwara mjini, kwa kampuni inayobeba korosho kutoka maghala ya wilayani. Makarani tisa, wengine Masasi, wengine Newala na Tandahimba, wawili hapa mjini. Kila mtu na laptop yake, Excel yake na hesabu yake. Lori linatoka Newala na idadi moja ya magunia, likifika mjini ni idadi nyingine, na aliyeandika ya kwanza anaapa hajakosea. Mafaili yalisafiri kwenye flashi, mfukoni mwa dereva, pamoja na virusi vyake. Mzee mwenye kampuni alichoka.

Nikamshauri tuweke seva moja ofisini, yaani kompyuta moja ya kutumiwa na wote, makarani wote waingie kwa Remote Desktop, njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo. Kwa ushauri ule najivunia hadi leo, na sioni haya kusema. Kinachopita kwenye mtandao ni picha ya kioo na kile unachobonyeza. Faili lenyewe halitoki ndani ya seva. Karani wa Tandahimba mwenye bando la kubahatisha anafungua faili la megabaiti 30 kama liko mezani kwake, na umeme ukikatika kwake kazi inabaki pale alipoiachia. Mzee alielewa upesi kuliko mhasibu wake.

Alielewa upesi mno. Kabla sijampa orodha ya vitu vya kununua, akaagiza kadi tisa za Office kutoka Dar, zile za duka ambazo unakwangua unapata namba ya kufungulia programu. Watu tisa, kadi tisa. Nani angebisha? Mimi ndiye niliyepaswa kubisha, nikanyamaza kwa sababu pesa ilikuwa imeshatoka na mimi nilikuwa mgeni mle ndani.

Tarehe 12 Julai nikawasha huduma ya Remote Desktop kwenye seva, nikaweka Office. Ikaingia vizuri, nikafungua Word, ikaniambia nakala hii haitumiki kwenye kompyuta yenye Terminal Services, jina la zamani la huduma ileile ya Remote Desktop. Nikaitoa, nikaweka kadi ya pili. Nikaweka ya tatu. Ndugu msomaji, nilijaribu kadi nne kabla sijakubali kwamba tatizo si kadi. Office ya duka imeuzwa ikae kwenye kompyuta ya mtu, na ikikutana na seva inayohudumia watu wengi inakataa kwa makusudi. Hakuna ujanja wa fundi hapo. Unahitaji leseni ya jumla ya kampuni, au Microsoft 365, ile Office ya kulipia kwa muda, ya aina inayoruhusu kompyuta ya kushirikiana. Na hata hiyo si kila moja: Business Premium inaruhusu, Business Standard hairuhusu, ingawa kwa macho ya mnunuzi zinafanana kama mapacha. Usiniulize nimejuaje hiyo ya pili.

Ukishakuwa na ile sahihi, usiiweke kwa kubofya tu kama nyumbani. Kuna faili dogo la maelekezo, configuration.xml, ambamo unaandika SharedComputerLicensing na thamani yake 1, ndipo unaiambia setup, programu ya kuweka Office, ilisome. Kila karani anaingia na akaunti yake mwenyewe na leseni inakaa kwenye wasifu wake. Ruka mstari huo mmoja, Office itadhani seva yako ni laptop ya mtu mmoja na mtaanza kusumbuana upya.

Zile kadi tisa zilirudi kwenye droo ya mzee. Nadhani bado zimo. Alinitazama siku ile kwa namna ambayo sijaisahau, lakini akalipa. Agosti, Septemba, mfumo ukatembea. Makarani wakanizoea, karani mmoja wa kike wa Masasi akawa ananiita "kaka seva". Nilitembea Mtwara hii mabega yakiwa juu.

Sasa ngoja niwapeleke Novemba.

Wa kwetu mnajua Novemba ni nini. Minada ya korosho imeshafunguliwa tangu Oktoba, maghala yamejaa, malori yanapishana barabara ya Masasi usiku na mchana. Hapo hakuna mtu anayetaka kusikia neno "mfumo". Tarehe 9, saa mbili asubuhi, simu ya dada wa Masasi.

"Kaka seva, haiingii. Imeandika mambo ya leseni."

Leseni! Miezi yote ile neno leseni kwangu lilikuwa na maana moja tu: Office. Sikumuuliza amekwamia wapi. Alinitumia picha ya kioo kwa WhatsApp, nikaiona ndogo vilevile bila kuikuza, nikamjibu "naishughulikia". Nikaingia kwenye seva, kwangu ikafunguka, Word ikafunguka. Nikajisemea Office imechanganyikiwa kwa makarani. Nikaiondoa yote, nikaanza kuishusha upya kwa bando langu mwenyewe, magigabaiti, mchana kutwa. Malori yalisubiri hati za mzigo huku makarani wakiandika kwa kalamu.

Usiku Office ikawa mpya kabisa, na hakuna hata karani mmoja aliyeingia.

Kesho yake mzee akamleta mtaalamu kutoka Dar. Kijana mdogo kwangu, shati limenyooka, hakuniuliza jina. Akakuza ile picha ya dada wa Masasi, ileile iliyokuwa kwenye simu yangu tangu jana. Akasoma, akasema, "Hii si Office, bro. Ni siku 120."

Ndiyo hapo. Leseni ya Office ni kitu kimoja, na leseni ya kila mtu kuingia kwenye seva, ile inayoitwa RDS CAL, ni kitu kingine kabisa. Windows Server inakupa siku 120 za msamaha tangu uwashe ile huduma. Zikiisha na hujaweka seva ya leseni, makarani wanafungiwa mlango wa nje, kwenye Word hawafiki hata wakitaka. Mimi nilikuwa naingia kwa sababu njia yangu ya mkato ilikuwa na /admin mwishoni, mlango wa msimamizi, ambao hauhesabiwi. Toka 12 Julai hadi 9 Novemba, hesabu mwenyewe.

Yule mtaalamu alilipwa kwa siku moja zaidi ya nilichopata kwa miezi yote. Chakula cha mchana akaagiziwa, mimi nikaambiwa nishike tochi nyuma ya kabati la seva. Sikuitwa tena. Kusema kweli bado inauma, na nikipita mbele ya ofisi ile naangalia upande wa baharini.

Kwa hiyo ninyi wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa kazi hii, kama mimi: soma leseni kabla hujasema bei. Mwambie bosi mapema kwamba kuna leseni ya kuingia na leseni ya Office, na mwandikie kwenye karatasi, kwa sababu akishanunua kadi hasikii tena. Mtu akikutumia picha, ikuze. Usiuache mlango wa 3389, ule ambao Remote Desktop hupitia, wazi kwenye intaneti, weka VPN, njia ya faragha ya kufika kwenye seva, wezi wa mitandaoni wanaugonga usiku kucha. Na weka LibreOffice pembeni, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, haina leseni ya kuhesabu watu. Office za kushirikiana zinahitaji kupiga hodi kwa Microsoft kila baada ya siku chache. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, mteja wangu wa Lindi, ndiyo, nina mteja Lindi sasa, aliandika barua zake kwa LibreOffice wala hakunipigia.

Yule wa Nachingwea nimemjibu yote kuhusu kadi zake sita. Akashukuru sana. Ndipo nikamuuliza aliwasha lini Remote Desktop kwenye hiyo seva. "Agosti 20, kaka. Kwani?"

Nikahesabu kwa vidole, nikafika Desemba 18. Nimempigia mara tatu hapatikani, wenzake wanasema yuko njiani kwenda Liwale. Ujumbe nimemwachia, una tiki moja.