Kibondo–Mwanza msimu wa mioto kichaa: msitoke alfajiri

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana safari hiyo nimeipiga nikiwa na mtoto mwenye pumu kama wako. Umesema mnatoka Kibondo kuja Mwanza mwisho wa Agosti, mnasikia mapori yanaungua, na baba mkwe anasisitiza mng'oe nanga saa kumi usiku ili mkwepe moshi. Kwa heshima zote kwa mzee, hapo ndipo ningebadilisha. Saa kumi ndiyo mbaya kuliko zote.

Sisi tulikuwa tunatoka kwenye msiba wa shangazi, miaka kadhaa nyuma, kabla daraja la kuvukia ziwa halijakamilika. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu kila mtu kwenye gari alikuwa anawaza foleni ya kivuko pale Busisi. Mjini Kibondo hapakuwa na tatizo, harufu tu kama ya jiko la kuni lililomwagiwa maji. Tulipoipita Kakonko na kuanza kulikamata pori la kuelekea Nyakanazi, mambo yakabadilika. Kila tulipopanda kilima tuliona nyota. Kila tuliposhuka bondeni gari liliingia ndani ya kitu cheupe, kizito, kinachowasha macho na kukwaruza koo.

Nikawasha taa kubwa. Usifanye hivyo. Mwanga wote ulinirudia usoni kama shuka jeupe lililotundikwa mbele ya kioo. Nikashusha taa, nikapunguza mwendo hadi kilomita ishirini kwa saa, shemeji yangu akateremsha kioo chake kidogo ili asikilize kama kuna gari linakuja. Ndipo tukasikia chini ya tairi: kraa, kraa. Matawi. Unajua matawi barabarani yana maana gani. Nilikanyaga breki na gari likasimama, na hapo ndipo tela la semi lilipojitokeza, limeharibika, halina hata taa moja. Baadaye nilishuka nikapima kwa miguu: hatua nane. Dereva wake alikuwa amekaa kwenye majani pembeni, shati amejifunga puani. Hakutusalimia. Alisema tu, "Songeni mbele, msikae hapa, kuna basi linakuja nyuma yenu." Basi lilipita dakika chache baadaye, na Mungu alisaidia dereva wake alikuwa ameshapunguza mwendo.

Sababu ya moshi kulala hivyo ni hii. Usiku ardhi inapoa, na hewa iliyoigusa inapoa nayo, inakuwa nzito, inatuama mabondeni na moshi wote uliomo. Jua likishapanda, ardhi inapata moto, hewa inaanza kunyanyuka na moshi unanyanyuka nayo. Sisi tulipofika Nyakanazi, kwenye saa tatu, tuliweza kuona miti ya mbali. Mchana moto wenyewe huwa mkali zaidi kwa sababu ya upepo na ukavu wa nyasi, lakini wingu lake unaliona ukiwa bado mbali na una nafasi ya kusimama kijijini kuuliza.

Usije ukatulia pia kwa kuambiwa kwamba karibu na barabara hakuna moto. Mapori ya Moyowosi na Kigosi yako mashariki mwa hiyo njia, na upepo wa kiangazi huku hutokea kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa pori la mbali unaweza kuletwa hadi kwenu. Anayechoma ili ng'ombe wapate nyasi changa, au anayeacha mwenge unawaka baada ya kurina asali, hamuoni mtoto anayekosa pumzi wilaya nyingine. Hili linaniuma sana.

Kwa hiyo laleni Kibondo usingizi wa kutosha, kunyweni chai, tokeni saa tatu. Ile sababu ya zamani ya kukimbia haipo tena: daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu mnazimaliza kwa dakika chache tu. Mkipita Runzewe, Bwanga, Katoro na Geita, mtafika ziwani alasiri, na huo ndio wakati mzuri, kwa sababu mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Sisi tuliuhisi tukiwa kwenye foleni ya kivuko. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alifungua kioo mwenyewe bila kuniuliza.

Kuhusu mtoto, hapa naomba unisikilize vizuri. Dawa za binti yangu zilikuwa kwenye buti, chini ya mabegi na gunia la mihogo. Kifua kilipoanza kupiga filimbi tulisimama kituo cha mafuta Nyakanazi tukashusha mzigo wote chini, mama yake mikono inatetemeka. Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, ikae mfukoni mwa mmoja wenu. Kama hana kile chombo cha plastiki kinachochomekwa kwenye pampu ili mtoto avutie dawa (spacer), chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, tobolea kitako chake tundu linalokaba mdomo wa pampu, mtoto avutie upande wa kunywea, kwa kipimo alichoandikiwa na daktari. Sisi tulifundishwa na daktari na tumeitumia mara nyingi. Akishindwa kumaliza sentensi, au nyama za katikati ya mbavu zikawa zinaingia ndani anapovuta pumzi, msiseme tutafika Mwanza. Ingieni hospitali ya karibu.

Wapo wanaosema maziwa husafisha moshi kifuani; mpe mtoto kama ana njaa tu. Yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu, hayakutani. Kanga iliyoloweshwa inazuia majivu lakini chembe ndogo za moshi zinapenya. Barakoa ya N95 inasaidia kwa watu wazima, kwa mtoto mdogo huwa inaacha nafasi mashavuni.

Fungeni vioo, washeni AC, na mbonyeze kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, ili gari lisivute hewa ya nje. Mkiona hamuoni kabisa, msisimame ukingoni mwa lami. Tafuteni kijiji, sheli, au njia ya mchepuko, mwingie ndani kabisa.

Na kabla hamjaondoka, mwambie fundi aikague filta ya AC na kuibadilisha kama imechafuka, kwenye magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Yangu niliifungua siku ya pili yake nikiwa Buhongwa, hapa Mwanza. Ilikuwa nyeusi, na katikati ya mikunjo yake kulikuwa na vipande vya nyasi vilivyoungua, vingine bado vina umbo la jani.