Knole na watoto, bila gari

Dada, kwa siku moja kutoka London, na watoto wawili wanaotaka kuona jumba la kale na kulungu, nenda Knole, mjini Sevenoaks. Panda treni ya Sevenoaks kwenye stesheni ya Charing Cross au London Bridge, nusu saa na ushei. Siku za kazi ngoja ipite saa 3:30 asubuhi, nauli inashuka.

Kutoka stesheni ni kama nusu saa kwa miguu, na sehemu ni kilima. Kigari cha mtoto kitakusumbua, maana vyumba vingi vya maonyesho viko ghorofani; bora mbeleko. Kuingia mbugani kwa miguu ni bure, unalipia vyumba tu. Angalia kwanza saa za kufunguliwa, jumba huchelewa kuliko mbuga.

Kulungu wamezoea watu, na hapo ndipo kosa hutokea: msiwalishe, kaeni mita 50 kutoka kwao. Oktoba madume hupigana. Juni wana wachanga hulazwa majanini, msiwaguse.

Majani marefu yana kupe. Vaeni soksi juu ya suruali, jikagueni jioni hadi nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, usimpake mafuta. Wekundu ukitanda kama duara, hata baada ya wiki kadhaa, muone daktari: huenda ni Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe, unaohitaji antibayotiki.