Mpox: homa kushuka si kupona

Mdogo wangu alirudi Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka machimbo ya Kamituga akiwa na homa, matezi yamevimba, vipele hadi viganjani. Vipimo vilithibitisha mpox (ndui ya nyani), tukaelekezwa namna ya kumuuguza nyumbani. Kumuosha na kumlisha hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kumzuia: homa iliposhuka tu, akataka kwenda soko la Kadutu, na majirani wakamtetea.

Kirusi hiki si cha kuharakisha. Virusi vingi vya DNA, yaani vyenye maandishi ya urithi kama yetu, huzaliana ndani ya kiini cha seli. Vya jamii ya ndui, mpox ikiwemo, hubaki nje ya kiini, vikitumia vimeng'enya (protini zinazochapusha kazi za kikemia) vyao wenyewe. DNA ya mpox ina herufi karibu 197,000, na baadhi ya jeni zake zina kazi moja: kuvuruga kinga. Ziko protini zinazonasa interferoni, ile ishara ambayo seli iliyovamiwa huwatumia jirani zake ili wajihami. Mwili nao haukubali kirahisi. Seli zetu zina vimeng'enya viitwavyo APOBEC3 vinavyoharibu herufi za DNA ya kirusi, na makovu hayo, yalipoonekana kwenye virusi vya Kamituga, yaliwaonyesha wanasayansi kwamba ugonjwa unapita mtu kwa mtu, si kwa nyama ya porini peke yake.

Sasa, magamba ya vipele vilivyokauka. Kirusi hustahimili ukavu, kwa hiyo gamba lililodondoka kitandani bado lina kirusi. Mashuka msiyakung'ute, yakusanyeni taratibu mkiwa na glavu, myafue kwa sabuni na maji ya moto. Sakafu ipigwe javeli, dawa ya klorini. Malengelenge yasitumbuliwe, na majani ya kusugulia yaacheni kabisa, hata shangazi akinuna.

Chakula alipelekewa na koko, mzazi wa wazazi wetu, kwa barakoa, kwa sababu ana kovu la chanjo ya ndui ya zamani. Kirusi cha ndui na cha mpox ni ndugu, na kinga ya kimoja husaidia kwa kingine, ingawa si ukuta kamili. Sisi vijana tuliozaliwa ndui ikiwa imeshatokomezwa hatuna kovu hilo. Chanjo ya mpox ilianza kutolewa Goma Oktoba 2024; ukiitwa, nenda.

Mgonjwa atoke magamba yote yakishadondoka na ngozi mpya kujifunga chini yake. Jicho likiuma, akishindwa kunywa au kupumua, au akiwa mtoto mchanga au mjamzito, msisubiri nyumbani: hospitali siku hiyohiyo.