Jibu: Kutafuta dawa kwenye repatori bila kupotea

Ndugu, umeuliza kwa nini ukifungua repatori ya Kent, kile kitabu cha homiopathia kinachoorodhesha dalili na dawa zake, kwenye "maumivu ya kichwa" unakutana na mlolongo wa dawa usioisha. Ni kwa sababu umeanza na jina la ugonjwa, na hilo halichuji kitu.

Tafuta kinachomtofautisha mgonjwa wako. Kichwa kinazidi kuuma akijitikisa hata kidogo? Shuka hadi rubriki, yaani kipengele cha dalili chenye orodha ya dawa zake, ya maumivu yanayozidi kwa mwendo. Hapo dawa ya Bryonia imepigwa wino mzito. Kisha angalia kiu. Iko kwenye sura ya tumbo, si ya kinywa, na wanafunzi wengi hupotea hapo. Anayegugumia maji mengi kwa mkupuo bado yuko na Bryonia. Anayeonja kidogo kidogo kila mara anakupeleka kwenye Arsenicum.

Wino mzito ni alama 3, herufi za mlalo 2, za kawaida 1. Lakini usijumlishe tu alama za rubriki zako ukatoa dawa iliyoongoza, maana Sulphur itashinda kila siku kwa kuwa imo karibu kila mahali! Chukua tatu nne za juu, ukazisome kwenye materia medika, kitabu kinachoeleza kila dawa kwa undani.

Nisikufiche, huku ni kujua kutumia kitabu tu. Tathmini ya Australia ya 2015 haikupata ugonjwa hata mmoja ambao homiopathia ina ushahidi wa kuaminika kwamba inautibu. Kichwa kikiambatana na homa kali na shingo kukakamaa, funga repatori, mpeleke hospitali.