Maswali ya Wasomaji: Fanksheni Moja kwa Orodha Nzima

SWALI: Natumia JavaScript. Nina orodha ya maandishi manne, yote "10", na nataka yawe namba. Nimeandika `["10","10","10","10"].map(parseInt)` nikapata 10, NaN (yaani "si namba"), 2, 3. Kosa liko wapi?

JIBU: `parseInt` (inayogeuza maandishi kuwa namba kamili) ni nzima na `map` (inayoiita fanksheni moja kwa kila kipengele cha orodha) ni nzima, tatizo ni jinsi zinavyokutana. Kila `map` inapoiita fanksheni, huipa vitu vitatu: kipengele, nafasi yake kuanzia 0, na orodha yote. Fanksheni nyingi hutumia cha kwanza tu, ndiyo maana watu hukaa muda mrefu bila kuligundua hili. Lakini `parseInt` hupokea viwili: maandishi, na msingi wa namba wa kuyasomea (10 kwa namba za kawaida, 2 kwa zile za 0 na 1 tu). Basi nafasi ya kipengele inageuka kuwa msingi.

Nafasi 0: sifuri huchukuliwa kama msingi haukutajwa, "10" inasomwa kwa msingi wa 10. Nafasi 1: msingi unaokubalika ni 2 hadi 36, kwa hiyo unapata NaN. Nafasi 2: "10" kwa msingi wa 2 ni mbili. Nafasi 3, ni tatu. Programu hailalamiki popote, na hapo ndipo penye hatari.

Andika `.map(x => parseInt(x, 10))`. Wengi hupendekeza `.map(Number)`, nayo inafaa, ila zijue tofauti zake: "10kg" kwa `parseInt` ni 10, kwa `Number` ni NaN, maandishi matupu kwa `Number` ni 0. Kama data inatoka kwenye fomu inayojazwa na watu, sifuri hiyo itakuharibia jumla na wastani bila wewe kujua. Chuja yaliyo matupu kwanza.

SWALI: Katika Python 3 nimeandika `m = map(int, orodha)`. `sum(m)` imetoa jibu sahihi, lakini `list(m)` baada yake ni tupu. Data imeenda wapi?

JIBU: `orodha` yako iko salama. Katika Python 3, `map` hairudishi orodha, bali kitu kinachokokotoa kipengele kimoja kimoja kadiri kinavyoombwa, na hupitiwa mara moja tu. `sum` imekimaliza. Ukihitaji matokeo zaidi ya mara moja, andika `m = list(map(int, orodha))` au `m = [int(x) for x in orodha]`; sisi tunapendelea ya pili kwa kuwa inasomeka haraka.

Uvivu huo wa kusubiri kuombwa una jambo jingine: kama ndani ya orodha kuna "abc", ValueError (kosa la thamani isiyofaa) haitokei kwenye mstari wa `map`, inatokea kwenye mstari wa `sum`. Usihangaike kukagua `sum`.

SWALI: Je, nitumie `map` kuchapisha kila kipengele?

JIBU: Hapana, tumia `for`. Katika Python 3, `map(print, orodha)` peke yake haichapishi chochote, kwa sababu hiyohiyo ya hapo juu.