Usimfute baba kwenye cheti kwa hasira

Juzi usiku dada mmoja wa Muheza kanitumia meseji ndefu, mwanaume kaacha matunzo, mtoto ana miezi mitano, sasa anauliza akienda kuandikisha cheti cha kuzaliwa aweke ubini wa babake yeye ili yule bwana "akome". Nimeisoma niko jikoni nageuza vitumbua, vikaungua karai zima, maana hilo neno akome nililisema mimi mwenyewe miaka saba iliyopita hapahapa Makorora, Tanga.

Mimi na mzazi mwenzangu hatukufunga ndoa. Mtoto alipozaliwa mwenzangu alikuja nyumbani na mbuzi, akampakata mwanangu mbele ya wazee, shangazi akapiga picha. Alikuwa tayari twende wote kuandikisha, na kwa wazazi wasiooana jina la baba linaingia kwenye rejista pale mnapoomba wote wawili, hilo nililijua kabisa. Ila wiki hiyohiyo nikasikia ana mtu Chumbageni, basi nikachukua tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, nikaenda peke yangu, mtoto akapewa ubini wa marehemu baba yangu, sehemu ya baba ikabaki tupu. Nikajiona nimeshinda. Wazee nao wakanisifu, mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake kwa mama. Sawa, kwenye dini sibishani nao, lakini hakuna aliyenisaidia kununua maziwa.

Miaka miwili baadaye nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, naye akamwita. Jamaa akakishika kile cheti, akapitisha kidole kwenye ile nafasi tupu, akasema "jina langu liko wapi hapa?" Mpaka leo nikikumbuka kile kidole moyo unaniuma.

Tukaishia Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kuomba mtu atambuliwe kuwa ndiye mzazi, hata mimba ikiwa bado tumboni, na mahakama inaangalia jina kwenye rejista ya vizazi, kama alimkubali mtoto hadharani, mila alizotimiza, majibu ya DNA, hata kukataa kwake kupimwa kunahesabika. La kwanza hapo nililifuta mwenyewe! Ilinibeba ile picha ya mbuzi. DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi tu mwenyewe kama kupima malaria, ombi linapitia kwa wanaoruhusiwa kisheria, kama mahakama au ustawi, na siku moja kabla ya kutoa sampuli mwenzangu akakubali mtoto ni wake. Sasa natumiwa elfu themanini, miezi mingine pungufu, ila inakuja. Mama zetu chini ya sheria ya zamani walikuwa hawapangiwi zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, hebu fikiria.

Kwa hiyo dada zangu, jina sio fimbo. Mwenzio akiwa tayari kuandikishwa mshike mkono mwende hata kama mmenuniana, utamchukia mkitoka. Tunza meseji za pesa alizotuma, tunza picha, usifute kitu. Narudia, usifute kitu. Na nyie kaka zangu mnaosema mtoto hana ubini wangu simlishi, matunzo yanafuata damu, mahakama itaangalia kipato chako na gharama za maisha pale mtoto anapoishi, sio ubini.

Binti yangu yuko darasa la kwanza, madaftari yote yana jina la babu yake, wiki iliyopita kaniuliza kwa nini yeye na baba majina hayafanani. Nikamwambia nitakueleza ukimaliza kula.

Dada wa Muheza, bado hujaenda kuandikisha? Nijibu kabla ya Jumatatu.